Pakanga ya China na Dawa Mseto: Kwa Nini Chai ya Majani Haitoshi Kutibu Malaria

Wakazi wa Igowole, wilayani Mufindi mkoani Iringa, wanaishi katika ukanda wa baridi wa mashamba ya chai na misitu ambako malaria si ugonjwa wa kila siku. Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo ya malaria nchini. Hata hivyo, chini ya miteremko ya Mufindi limetandaa Bonde la Kilombero lenye joto, mashamba ya mpunga na mbu wengi. Mkazi wa nyanda za juu anayeshuka huko kulima, kufanya biashara au kuwatembelea ndugu hana kinga waliyonayo watu walioishi na ugonjwa huo tangu utotoni. Homa anayorudi nayo nyumbani inaweza kugeuka malaria kali ndani ya muda mfupi.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa mgonjwa kuhusu tiba ya kuanza nayo una uzito mkubwa. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, majani makavu ya atemisia, mmea wenye asili ya bara la Asia, yamekuwa yakisambazwa kama chai ya kutibu malaria. Hoja inayotolewa ni kwamba dawa ya hospitali imetokana na mmea huo huo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo haujakamilika.

Tiba ya kale

Wachina huuita mmea huo qinghao. Ni wa jamii ya mimea ambayo kwa Kiswahili huitwa pakanga, inayojulikana kwa uchungu wake. Katika karne ya 4, tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika kitabu cha tiba za dharura kiitwacho Zhouhou Beiji Fang. Kwa homa za vipindi, alielekeza fungu moja la qinghao liloweshwe katika maji, likamuliwe, na mgonjwa anywe maji yake yote. Ni muhimu kutambua kwamba Ge Hong hakuelekeza majani hayo yachemshwe.

Mei 23, 1967, wakati wa vita vya Vietnam, Serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, uliopewa jina la Mradi 523 kutokana na tarehe hiyo. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou alikabidhiwa kuongoza kundi la wanasayansi mjini Beijing. Kundi hilo lilikusanya maelekezo ya tiba zaidi ya 2,000 kutoka katika vitabu vya kale na kwa waganga, kisha likaanza kuyapima moja baada ya jingine.

Majaribio ya awali ya qinghao yalitoa matokeo yasiyotabirika. Tu Youyou aliporejea maelekezo ya Ge Hong, alibaini kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu nguvu ya dawa. Alitumia kimiminika cha etha, ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 tu, badala ya maji ya moto. Oktoba 4, 1971, sampuli namba 191 iliangamiza vimelea vyote vya malaria katika panya wa majaribio. Mwaka uliofuata kiini cha dawa hiyo, atemisinini, kilitenganishwa. Mwaka 2015 Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Majani na kidonge si kitu kimoja

Historia hiyo inaonesha kwamba tiba ya asili ilikuwa na thamani, na pia kwamba thamani yake ilipatikana kwa uhakika baada ya kupimwa. Kuna sababu tatu zinazoitofautisha chai ya majani na kidonge cha kituo cha afya.

Kwanza, atemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake katika majani hutofautiana kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Mtu anayekunywa kikombe kimoja hawezi kujua ameingiza kiasi gani mwilini. Pakanga ya kienyeji inayomea katika nyanda za juu, ambayo wataalamu wa mimea huiita Artemisia afra, ni aina nyingine na haina kiwango cha atemisinini cha kutibu malaria.

Pili, dawa za jamii ya atemisinini huua vimelea kwa kasi lakini hutoka katika damu baada ya saa chache. Vimelea vinavyosalia huhitaji dawa ya pili inayodumu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana vidonge vya ALu vinaitwa dawa mseto: vina atemeta inayotokana na atemisinini, pamoja na lumefantrini, ambayo nayo iligunduliwa na wanasayansi wa China. Majani ya chai hayana mwenzi huyo.

Tatu, dozi hafifu huviacha hai vimelea vilivyo imara zaidi, navyo huzaliana. Tanzania imewahi kupoteza dawa kwa njia ya usugu. Mwaka 2001 Serikali iliiondoa klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria na kuweka SP, na mwishoni mwa 2006 SP ikapisha dawa mseto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kuwepo kwa vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya atemisinini mkoani Kagera. Shirika la Afya Duniani limetoa tamko la kutounga mkono matumizi ya majani ya atemisia kutibu au kuzuia malaria.

Nafasi ya tiba asili

Maelezo haya hayalengi kubeza tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inaitambua huduma hiyo na ndiyo iliyounda Baraza lenye jukumu la kusajili waganga na dawa zao. Huko Muhimbili, utafiti wa mimea ya tiba umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1974. Mwananchi anayetumia dawa ya asili anashauriwa kuipata kwa mtoa huduma aliyesajiliwa, na kumweleza mhudumu wa afya kila anachotumia.

Kwa homa, hata hivyo, hatua ya kwanza ni kupima. Si kila homa ni malaria, na kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa majibu ndani ya dakika chache. Mgonjwa aliyetoka safari ya bondeni amweleze mhudumu alikokuwa, kwa kuwa taarifa hiyo husaidia ugonjwa kutambuliwa mapema.

Anayethibitika kuwa na malaria isiyo kali hupewa ALu dozi sita kwa siku tatu: dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Dawa hiyo huliwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vizuri mwilini, na humalizwa hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, mkojo mweusi, au mtoto kushindwa kunyonya ni dalili za hatari. Mgonjwa mwenye mojawapo ya dalili hizo apelekwe mara moja katika kituo cha kutolea huduma za afya, ambako atapatiwa sindano ya atesuneti. Sindano hiyo pia asili yake ni qinghao, lakini kiasi cha dawa kilichomo kinajulikana, jambo ambalo kikombe cha chai hakiwezi kulihakikisha.