Bwana ako Ulaya, kaye ya madeni iko nyumbani

Tangu papa wa mtoto wangu aende Ubelgiji kusoma masta, watu wa avenyu wananiita "mama Ulaya". Wanafikiri euro zinanyesha ku nyumba yetu. Burse yake ni ya mtu mmoja: analipa chumba, anakula, anapanda basi, kile kinachobaki ndicho anatuma. Mwezi mmoja dola 120, mwezi mwingine hakuna kitu. Na hapa Bukavu nyumba ni dola 70, mtoto ameanza masomo, na mama mukwe ako kwetu.

Ninawaeleza namna nilivyoingia mu madeni, juu wengi kati yenu mutaoa ao kuolewa, na siku moja mmoja wenu atapata burse.

Deni la kwanza lilikuwa la butiki, na hilo halionekane kama deni. Unatuma mtoto: sukari, sabuni, mafuta kidogo, kopo moja ya maharagi. Mama wa butiki anaandika mu kaye. Mwezi wa tatu nilijumlisha: dola 46. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile maharagi ya kopo kwa kopo ilikuwa inanilipisha karibu mara moja na nusu ya bei ya gunia. Mtu asiyekuwa na pesa ya gunia ndiye anayenunua gunia kwa bei kali.

Kisha burse ikachelewa, na mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Nikaenda kwa mama mmoja wa mtaa anayekopesha: dola 100, faida 20 kila mwezi. Kila mwezi nilimpelekea 20 yake na nikarudi nimetulia, nikisema nimelipa. Baada ya miezi mine nilikuwa nimetoa 80, na deni lilikuwa lingali 100. Ile 20 hailipe deni hata kidogo, inanunua tu mwezi mwingine wa kudaiwa. Ku mwaka ingekuwa 240 juu ya mkopo wa 100. Na mimi nilipita statistiki mu G2! Papa wa mtoto akipiga simu nilikuwa najibu: "Tuko muzuri."

Nilijaribu nyumba moja ya mikopo midogo. Wakaniuliza sahihi ya bwana. Hapa mujue kitu: Kodi ya Familia ya 1987 ilikuwa inaomba mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga ku mkataba. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016 iliondoa ile ruhusa, ikaweka mapatano ya wote wawili, bwana pia. Lakini mtu akiwa mbali, mapatano yataonekana wapi? Ku karatasi. Mbele ya kupanda ndege, muandike prokirasyo na muipitishe kwa notere. Sisi tulikumbuka viza, tulikumbuka jaketi ya baridi, prokirasyo hapana.

Iliyonitoa ni AVEC ya wamama wa avenyu. Munajua namna inatembea: kila juma unanunua parti, moja mpaka tano, pesa inalala mu kasha ya kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Unaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yako. Kwetu faida ni 5 kwa 100 ku mwezi, juu ya kile kinachobaki. Nilikopa 100, nikamaliza yule mama siku ileile, kisha nikawa narudisha 25 kila mwezi. Faida: 5, kisha 3,75, kisha 2,50, kisha 1,25. Jumla 12,50, na sehemu yake inanirudilia siku ya kugawana. Linganisha na ile 80.

Sasa haya ya gunia. Hapa ninaona haya kidogo. Nilinunua gunia mwezi wa 1, wakati mavuno ya saizo A inashusha bei, nikaliweka chini ya kitanda. Mwezi wa 3 maharagi yalikuwa na matundu. Mimi, agronome! Yule mdudu mara nyingi hatoke mu nyumba: anataga mayai ku shamba, ku maganda yanayokauka, funza anaingia mu mbegu, na unamnunua pamoja na chakula. Siku hizi ninaanika kwanza. Kisha ninatia maharagi kiasi mu chupa kavu pamoja na chumvi kavu, ninatikisa: chumvi ikishikama ku chupa, bado kuna maji, ninarudisha ku jua. Zikikauka ninajaza mabido safi mpaka juu kabisa na kufunga nguvu. Mdudu anamaliza hewa iliyo ndani, anakufa. Hakuna dawa, na mama mukwe, aliyecheka mwanzoni, sasa ananiomba mabido yake.

Ile siku nilimwambia papa wa mtoto ukweli kuhusu dola 80, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema yeye pia alikuwa amekopa kwa rafiki ili anitumie ile 120. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kwa pesa ya deni. Tangu hapo, kila tarehe 30 ninapiga kaye picha, ninamtumia, na yeye anatuma ya kwake. Tulipatana mwezi wa 1 na wa 6, wakati wa mavuno, atume pesa ya magunia kwa mara moja, na miezi ingine atume ya nyumba tu.

Butiki ingali inanidai dola 11. Mama wa butiki anajua, anangoja.