Notepad Mpya, LibreOffice na Maandishi Yetu ya Kiswahili

Kwenye steshenari za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Manzese, hapa Dar es Salaam, kazi ya kutwa ni maandishi ya watu: barua ya kuomba kazi, mkataba wa kuuziana kiwanja, maelezo ya mirathi, katiba ya kikoba, risala ya mahafali. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi hiyo zimenunuliwa zikiwa zimetumika, na mchapaji anajua kibodi yake hata kama herufi nusu zimefutika. Asichoambiwa ni kwamba programu anazoandikia zimebadilika sana tangu 2018. Mengine kati ya mabadiliko hayo yanamwokolea kazi, na moja linaweza kumwanika mteja wake bila yeye kujua.

Nianze na Notepad, kwa sababu imo kwenye kila kompyuta yenye Windows tangu toleo la kwanza la 1985. Kwa miaka zaidi ya 30 haikuguswa sana. Ulikuwa ukikosea mara mbili unarudishiwa kosa moja tu, la mwisho. Faili likitoka kwenye simu au kwenye kompyuta ya Linux, mistari yote ilijipanga mmoja kama treni isiyo na mwisho. Ubovu haukuwa kwenye faili. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux na Android huweka moja, na Notepad ya zamani iliitambua ile jozi peke yake. Mwaka 2018 ikafundishwa kuzitambua zote mbili. Hakuna tangazo la barabarani lililowahi kupigwa kwa ajili ya hilo, lakini aliyekuwa akipanga upya aya za mteja kwa mkono alijua ameondolewa mzigo.

Lililofuata, mwaka 2019, linatuhusu sisi kuliko wengi, kwa sababu ya ng'. Ukiandika neno ng'ombe, ile alama ya juu inaweza kuwa moja kati ya mbili. Ipo iliyosimama wima, inayotoka moja kwa moja kwenye kibodi, ambayo kompyuta inaihifadhi kama namba 39. Ipo pia iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe ili ukurasa upendeze. Kwa macho yako ni alama ileile. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti, na ile iliyopinda, ikihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 unaotumiwa na karibu intaneti yote, huchukua nafasi tatu: 226, 128 na 153. Sasa faili hilo likifunguliwa na programu inayodhani limeandikwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, kila namba inasomwa kivyake. Ya 226 inakuwa â, ya 128 inakuwa alama ya euro, na ya 153 inakuwa TM ndogo ya kibiashara. Ng'ombe wako anatokea kwenye karatasi akiwa ngâ€™ombe.

Wachapaji wengi wameliona tukio hilo na kulilaumu flashi, au virusi, au mteja aliyeleta faili. Chanzo ni mifumo miwili isiyoelewana. Tangu sasisho la Windows 10 la mwaka 2019, Notepad huhifadhi faili jipya kwa UTF-8 bila kuambiwa, kwa hiyo ugomvi huo umepungua. Haujaisha, kwa sababu mafaili ya zamani bado yanazunguka mitaani. Ukikutana na faili la namna hiyo, usianze kufuta herufi moja moja. Fungua faili upya kwa kuchagua mfumo wa herufi kwenye dirisha la kufungulia, sehemu iliyoandikwa Encoding, kisha angalia kama neno limerudi sawa kabla hujahifadhi.

Jambo hili lina uzito kwa wenye majina ya ng'. Dar es Salaam imejaa watu waliotoka Usukumani wenye majina ya namna hiyo. Jina likiandikwa kwa alama ya wima kwenye cheti na kwa alama iliyopinda kwenye fomu, mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi unaweza kuyaona ni majina mawili. Ushauri wangu kwa steshenari ni huu: kwa majina ya watu tumia alama ya wima kila mara. Word ikiigeuza, bonyeza Ctrl na Z papo hapo, nayo itairudisha bila kufuta ulichoandika.

Windows 11 ndiyo iliyoleta Notepad yenye sura mpya: kurudisha makosa mengi badala ya moja, rangi nyeusi kwa wanaofanya kazi usiku, na mwaka 2023 vichupo, yaani mafaili kadhaa ndani ya dirisha moja. Mwaka huohuo wa 2023 ikaongezwa tabia ya kukumbuka. Ukiifunga Notepad bila kuhifadhi, haikuulizi kitu. Ukiifungua tena, inakurudishia yote uliyokuwa umeandika.

Nyumbani, kwenye kompyuta ya mtu mmoja, hiyo ni huduma nzuri kabisa. Kwenye kompyuta ya steshenari ni hatari, na nasema hivyo kwa kumaanisha. Mama amekuja asubuhi, ameandikiwa maelezo ya ugomvi wa mirathi, pamoja na majina ya watoto na namba ya kiwanja. Mchapaji ameyanakili kwenye Word, ameprinti, ameifunga Notepad akijua maandishi yamepotea. Mchana kijana wa jirani anafungua Notepad aandike CV yake, na maelezo yote ya yule mama yapo mbele yake. Hakuna aliyedukua chochote, programu imefanya ilivyopangwa kufanya. Kwa bahati nzuri tiba yake ni ya sekunde chache: bonyeza alama ya gia juu kulia, tafuta sehemu inayoeleza Notepad ianze vipi, uchague ianze upya na kutupa ambayo hayajahifadhiwa. Kila kompyuta inayotumiwa na watu wengi inapaswa kuwekwa hivyo leo. Na pale ambapo haijawekwa, funga vichupo kimoja kimoja kabla mteja hajaondoka.

Mwaka 2024 Notepad ilipata ukaguzi wa tahajia, kisha zikaja zana za akili bandia za kuandika upya maneno yako. Hizo za akili bandia sitazikalia. Zinadai akaunti ya Microsoft, na mchapaji anayeandika mkataba wa watu wawili hana sababu ya kutaka mashine ibadilishe maneno waliyokubaliana. WordPad nayo imeondolewa kabisa kwenye Windows 11 toleo la 24H2, kwa hiyo waliokuwa wakiitegemea kwa barua fupi inabidi wahamie kwingine.

Hapo ndipo tunapogusa kompyuta tulizonazo kwelikweli. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au ya baadaye, isipokuwa chache sana. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika hazifiki hapo. Mwenye mashine ya namna hiyo haya ya Notepad mpya yatamfikia kwa kusikia tu. Kwake, programu ya kuangalia ni LibreOffice, ambayo ni bure kwa maana halisi: ukishaipakua unaruhusiwa kumpa jirani kwa flashi, na jirani akampa mwenzake, bila kuvunja sheria yoyote. Kwa kuwa faili lake linazidi MB 300, kulipakua mara moja na kuligawa mtaa mzima ni kuokoa bando. Kuwa mwangalifu na jambo moja: kuanzia toleo la 25.8 la Agosti 2025, LibreOffice haifanyi kazi tena kwenye Windows 7 na 8. Mwenye mashine hizo abaki na toleo la nyuma yake.

Kabla ya kusakinisha chochote kilichokuja kwa flashi, hakikisha ni chenyewe. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Digital Signatures. La LibreOffice litaonyesha jina la The Document Foundation. Kama ukurasa huo haupo, usilisakinishe. Hili si woga wa bure. Mwaka 2025 iligundulika kwamba baadhi ya watumiaji wa Notepad++, programu nyingine nzuri ya kuandikia iliyoanzishwa na Don Ho mwaka 2003, walikuwa wakielekezwa kupakua faili bandia badala ya sasisho. Toleo la 8.8.9 la Desemba 2025 likaanza kukagua saini ya faili kabla ya kulisakinisha. Anayetumia toleo la chini ya hapo apakue jipya kutoka tovuti yake rasmi, asibonyeze kitufe cha kusasisha cha ndani.

Sasa umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, LUKU ikiisha au laini ya mtaa ikikatika, inazimika saa ileile. LibreOffice toleo la 24.2, la Januari 2024, lilifanya badiliko ambalo kwangu linashinda mapambo yote: kuhifadhi nakala ya dharura kumewashwa tangu mwanzo, bila mtumiaji kwenda kulitafuta kwenye mipangilio. Zamani aliyekosa kulijua alikuwa hana kinga. Lakini kwa kawaida nakala hiyo huchukuliwa kila dakika 10. Mchapaji wa kasi ya maneno 40 kwa dakika anakuwa ameandika maneno 400 ndani ya muda huo, ukurasa mzima na zaidi. Punguza ziwe dakika 2. Ingia Tools, Options, kisha Load/Save, namba utaiona. Umeme ukirudi, programu itakuuliza kama urejeshe mafaili. Wengi kwa haraka ya mteja anayesubiri hubonyeza kitufe cha kutupa. Soma kwanza. Notepad++ kwa upande wake huhifadhi nakala kila baada ya sekunde 7 usipoibadilisha, na kwa kuandika rasimu ndefu wakati wa mgawo sijaona inayoishinda.

Limebaki la lugha, ambalo ni kubwa kuliko yote. Kiswahili kiliingia kwenye programu hizi kupitia hapahapa Dar es Salaam. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ya leo, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, ina kamusi ya kukagua tahajia iliyopewa alama sw_TZ: sw kwa lugha, TZ kwa nchi yetu. Hata hivyo ukiandika barua ya kawaida, mistari myekundu hujaa chini ya maneno yaliyo sahihi kabisa.

Kwanza, mara nyingi ukurasa umewekwa Kiingereza. Angalia chini ya dirisha, bonyeza jina la lugha, chagua Kiswahili cha Tanzania. Sehemu ya wekundu itaondoka.

Sehemu inayobaki ina sababu ya kiufundi. Injini inayokagua inaitwa Hunspell, na ilitengenezwa na Mhungaria, László Németh, kwa ajili ya lugha yake. Kihungaria hurundika viambishi nyuma ya mzizi. Hunspell kwa kawaida inajua kubandua tabaka mbili za nyuma lakini tabaka moja tu ya mbele. Kiswahili ni kinyume. Chukua hawakutuandikia: kabla hujaufikia mzizi andik umeshapita ha, wa, ku na tu. Mtengeneza kamusi analazimika kuzifunga tabaka hizo nne pamoja na kuziorodhesha kama kiambishi kimoja. Viwakilishi sita vya watu, ni, u, a, tu, m, wa, ukivizidisha kwa nyakati nne, na, li, ta, me, unapata 24. Weka viambishi vitano vya mtendwa, ni, ku, m, tu, wa, pamoja na nafasi ya kutokuwa nacho, unafika 144. Hapo hujagusa ukanushi, hujagusa ki, vi, li, ya na ngeli nyingine, wala amba na vijenzi vya urejeshi. Pengo lolote kwenye orodha linatokea kama mstari mwekundu chini ya Kiswahili fasaha. Kwa hiyo mwanafunzi akiona wekundu asidhani amekosea, na mwalimu asimkate alama kwa hukumu ya mashine.

Tiba ya kudumu ni kuiandika upya orodha hiyo ya viambishi, kazi inayowafaa wanafunzi wa isimu na wa kompyuta wakikaa meza moja. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, ndilo lenye mamlaka ya kusema tahajia ipi ni sanifu, na kamusi hizi zingepata nguvu kubwa kama orodha zake zingeingizwa humo moja kwa moja.

Wakati hilo linasubiriwa, steshenari inaweza kujitengenezea kamusi yake. Kila neno sahihi linalopigwa mstari, libonyeze kwa kitufe cha kulia na uliongeze kwenye kamusi ya mtumiaji. LibreOffice huyaweka maneno hayo kwenye faili la maandishi matupu liitwalo standard.dic, ndani ya folda ya wordbook ya mtumiaji, neno moja kila mstari. Faili hilo linafunguka kwa Notepad. Unaweza kuongeza humo majina ya mitaa na kata za Temeke na Kinondoni, majina ya ukoo, maneno ya mikataba kama mrithi, mdhamini na mpimaji, kisha ukalinakili kwenye kompyuta nyingine za duka. Funga LibreOffice kabla ya kulihariri, usiguse mistari michache ya mwanzo inayoishia kwenye vistari vitatu, na hakikisha unalihifadhi kwa UTF-8.