Picha ni Amana: Tuliyojifunza Kitabuni Pamoja na Binti Yetu

Wiki hii tungependa kuzungumza na akina mama na mabinti zetu juu ya jambo ambalo huenda baadhi yao wakastaajabu kulisikia kwa mwalimu wa chuoni, nalo ni kujifunza kurekebisha picha kwa kompyuta.

Chanzo cha habari hii ni arusi. Jirani yetu mmoja alimwoza bintiye, na kwa kuchunga stara akamkodi mpiga picha mwanamke kwa siku ya wanawake. Kila mtu aliridhika. Ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: picha zile, baada ya kupigwa, zinakwenda wapi? Zilipelekwa katika duka moja la picha zikasafishwe, na aliyezisafisha alikuwa kijana wa kiume. Baada ya miezi miwili, binamu wa bibi arusi alipita mbele ya duka lile akamwona ndugu yake dirishani, nywele wazi, amewekwa kuwa kielelezo cha kazi nzuri. Tulifuatana na baba yake kwenda kuzungumza na mwenye duka. Aliomba radhi na akaiondoa picha papo hapo. Lakini waliokwisha kuiona walikwisha kuiona, na nakala zilizobakia katika kompyuta ya duka hatukuwa na njia ya kuzijua. Jioni ile mama yake alituuliza, "Sasa maalim, tufanyeje? Tusipige picha kabisa?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Juu ya hukumu ya picha yenyewe maulamaa wamehitilafiana. Wapo walioikataza, na wapo, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii aliyekuwa Mufti wa Misri, walioiona picha ya kamera kuwa ni kukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa. Hatukusudii kuurudia mjadala huo hapa. Familia zetu nyingi zinapiga picha, na swali la yule mama lilikuwa swali la amana: ni nani anayezishika?

Tuliona jibu lianzie nyumbani mwetu. Binti yetu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hajapata la kufanya, alipenda kujifunza, nasi tukakaa kando yake kama mwanafunzi wa pili. Kwa muuza vitabu vilivyotumika mjini Mombasa tulipata kitabu cha wanaoanza, kikubwa, chenye picha kila ukurasa, na jalada lake limechakaa.

Programu iliyo mashuhuri katika kazi hii ni Photoshop, iliyotungwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, na kutolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990. Siku hizi matoleo yake mapya hulipiwa kodi, na wengi mitaani hutumia nakala zilizoibwa. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utungaji na ubunifu zina hifadhi ya kisheria na haifai kuzishambulia. Mtu ataanzaje kazi ya kulinda amana kwa chombo alichokidhulumu mwenyewe? Sisi tulichagua GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia bila malipo.

Wiki ya kwanza tulikosea kama wanavyokosea watoto wa chuoni. Mtoto aliyeonjeshwa alifu na bee hutaka kurukia Yasini. Binti yetu aliruka somo la kwanza mpaka la tano, akafungua somo la kumi na moja, la kuondoa mikunjo usoni. Alihangaika siku mbili, na picha ikawa kama imepakwa unga. Tukamwambia, "Mwanangu, hata sisi hatukupewa juzuu kabla ya irabu." Akarudi mwanzo.

Kosa la pili halikuwa lake. Kitabu kilielekeza kuihifadhi picha kwa jina lenye mkia wa JPEG, na kompyuta ikakataa kila mara. Tulidhani imeharibika. Kumbe kitabu chetu kiliandikwa kabla ya mwaka 2012, na toleo la 2.8 lililotoka mwaka huo lilibadilisha utaratibu: amri ya kuhifadhi huweka faili la GIMP lenyewe tu, na picha ya JPEG hutolewa kwa amri nyingine. Basi anayenunua kitabu cha namna hii na atazame kwanza kimeandikwa kwa toleo gani, kisha atafute toleo hilo au kitabu kinacholingana na programu yake.

Tukisha kushika mwanzo, mambo manne yalitufaa kuliko yote. La kwanza, picha asilia haiguswi. Hufanyiwa nakala, na kazi hufanywa juu ya nakala. La pili ni matabaka: marekebisho huwekwa juu ya picha mfano wa karatasi angavu, na lisilopendeza huondolewa bila kuiumiza ya chini. La tatu, faili la JPEG hupoteza kidogo kila linapohifadhiwa upya, kwa hiyo kazi isiyokwisha huwekwa katika faili la programu, na JPEG hutolewa mwisho. La nne ni vipimo: picha ndogo ya karatasi yenye upana wa inchi 3 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa kila inchi hutoa nukta 1,800, nazo zatosha kuchapa upana wa inchi 6 kwa nukta 300 kwa inchi. Makosa mengine yote hufutwa kwa kubonyeza Ctrl na Z, neema ambayo hatukuwa nayo tulipoandika kwa wino.

Mtihani wetu ulikuwa picha ya marehemu mama yetu, iliyopigwa studio alipokuwa kijana, nayo ndiyo ya pekee tuliyonayo. Maji ya mvua yaliingia sandukuni, na ukungu ukala ukingo wa buibui na upande wa kushoto wa mdomo. Binti yetu aliitengeneza buibui kwa kifaa cha kunakili: hushikilia Ctrl, hubonyeza mahali pazima, kisha hupaka palipoharibika. Kazi ilikuwa safi. Mdomoni alichukua upande wa kulia, akaugeuza, akauweka kushoto. Uso ulitoka mzima na mzuri, nasi tukatokwa na machozi, tukamwita dada yetu mkubwa aje aone. Aliutazama kitambo, kisha akasema, "Mzuri, lakini huyu si mama. Mama mdomo wake ulikuwa umeinama upande huu, hamkumbuki?" Tulikuwa tumesahau. Laiti dada hangekuwapo, wajukuu wangekua wakimjua bibi ambaye hakuwahi kuwapo. Tabaka lile liliondolewa, na doa limebaki mdomoni mpaka leo.

Hapo tulifahamu kwamba kurekebisha kuna mpaka. Kuondoa vumbi, ukungu na mkwaruzo ni kurudisha kilichokuwapo. Kubadili umbile la mtu ni jambo jingine. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umajimaji chini, muuzaji akatoa udhuru wa mvua, naye akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Picha nayo ina juu na chini. Jarida la National Geographic, toleo la Februari 1982, lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada, na msomaji aliyeamini anaona Misri aliona kisichokuwapo. Ikiwa mawe yana haki hiyo, vipi binti anayepelekewa watu wa posa picha iliyopaushwa rangi na kunyooshwa pua? Siku ya kuonana, aibu itamwangukia yeye, na pengine yeye hakuulizwa. Tunawanasihi wazazi: tumeni picha safi, lakini iwe yake.

Jambo la mwisho ni usalama. Programu ya kompyuta kama GIMP hufanya kazi bila intaneti, na picha haitoki nyumbani. Baadhi ya programu za simu huzipeleka picha kwanza kwenye kompyuta za mbali ndipo zirekebishwe, na mwenye simu hajui. Kazi ikikamilika, nakala zilizobaki kwa fundi zifutwe mbele ya mwenyewe.

Yule mama jirani ana arusi nyingine baada ya Idi, ya bintiye mdogo. Safari hii mpiga picha atamkabidhi kadi ya kamera mkononi, na binti yetu atakwenda kuzisafisha picha sebuleni kwao, kwa ujira waliokwisha kupatana. Wasichana wawili wa mtaa wamekwisha kuomba wakae naye wafunzwe, na kitabu kile kilichochakaa sasa kinazunguka nyumba tatu. Tulichelewa kumjibu yule mama, lakini hili ndilo jibu letu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na atujaalie kuzitekeleza amana. Amin.