Namba za Marafiki Zako Si Dhamana ya Mkopo

Umechelewa kulipa mkopo wa simu siku mbili, mara bosi wako anapigiwa akiambiwa una deni. Je, mkopeshaji anaruhusiwa? La.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka kampuni ichukue tu habari inazohitaji, na ikueleze ni za nini. Tangu 2022, kanuni za Benki Kuu zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia namba zilizo kwenye simu yako kuwatumia watu ujumbe eti hujalipa.

Deni bado ni lako, lilipe. Lakini kuaibishwa si sehemu ya riba.

Ikikupata, fanya hivi:

1. Hifadhi ushahidi: ujumbe, namba iliyopiga, tarehe na saa.
2. Peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inaipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5.

Na kabla ubonyeze "Ruhusu", angalia kwanza programu inaomba nini. Mkopo ni wako, namba ni za wenyewe.