Roki Imepewa Thank You

Kaa hapo benchi, mwana. Sogea kushoto kidogo, hapo ulipo pana msumari, ushakula suruali za watu watatu. Haya. Kabla ya habari za redio nikupe stori ya tisheti yangu.

Niliinama mnadani kwenye rundo la mitumba mpaka kiuno kikaomba poo, nikaibuka na tisheti nyeusi. Kifuani AC/DC, bendi ya roki, katikati karadi. Buku mbili tu. Nikajimwambafai nayo barabara nzima, stendi mpaka njia ya Nyangao, najiona staa. Jioni bimkubwa mmoja akanisimamisha. "Mwanangu, afadhali nimekuona. Soketi ya jikoni inatoa cheche." Kanisoma kifua, kajua fundi umeme. Na mimi nikaenda! Kulikuwa na chai na mihogo, mwana, ungefanyaje?

Hiyo ndiyo roki ya kwetu Mtama, Lindi. Kifuani ipo, masikioni haijawahi kufika. Metallica wanaokota korosho, Nirvana anapalilia mbaazi, Iron Maiden anaendesha boda. Mwana mmoja ile tisheti yake ya Iron Maiden yenye fuvu bibi yake kaificha, kasema ni sare ya wanga. Ukimuuliza yeyote akuimbie wimbo mmoja anakuangalia kama umemuomba pasi ya kusafiria.

Kwa hiyo ukisikia redio ya roki kule duniani imezimwa ikawa redio ya kubonga michezo, unasema inakuhusu nini. Tulia. Inakuhusu kinoma.

Boston, Marekani, kulikuwa na stesheni inaitwa WBCN. Imeanza kupiga roki Machi 1968. Gita mchana, gita usiku. Watu wamekua nayo, wameoa nayo, wameota vipara nayo. Agosti 2009 ikapewa Thank You. Unaijua Thank You, ile posta ya dirisha la usajili: mchezaji kapigwa picha ya huzuni, "asante kwa utumishi wako", kesho yake unamkuta anakimbia ufukweni peke yake kama kafiwa. Ndivyo hivyo. Jina la WBCN likashushwa, wenye mali wakawasha 98.5 The Sports Hub. Besiboli, kikapu, ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu. Mdomo kuanzia alfajiri.

Wazee wa gita wakalia machozi. Ila sikia utamu wenyewe: WBCN hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inatangaza mechi za Patriots tangu 1995. Yaani mgeni kala sahani moja na mwenye nyumba miaka kumi na nne, halafu siku moja akamgeukia: "Kumbe na wewe bado upo?"

New York walishaonyesha njia kitambo. Julai 1, 1987, masafa yaliyokuwa yanapiga muziki wa kantri yakageuka WFAN, kubonga michezo saa 24. Wakachekwa sana. Eti nani atasikiliza watu wanabishana saa nane za usiku? Waliocheka hawajawahi kukaa kijiweni Mtama.

Majirani zetu Nairobi nao walikuwa na X FM, roki tupu. Leo ukiitafuta unapata kumbukumbu. Radio Jambo, ya nyumba ileile, yenye mdomo, vituko na mpira kwa Kiswahili, inadunda. Baba mmoja, watoto wawili; mwenye gita kapewa Thank You, mwenye ubishi kaachiwa shamba.

Na usinidanganye kwamba roki na mpira hawajuani. Mwimbaji mkubwa wa roki aliyewahi kutoka pande zetu hizi za bahari alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946. Farrokh Bulsara. Dunia inamwita Freddie Mercury. Na We Are the Champions ya Queen, ya mwaka 1977, leo unaisikia wapi? Uwanjani, mtu akiinua kombe. Roki ilishahamia jukwaani zamani sana, redio ndiyo imechelewa kushtuka.

Sasa twende kwetu, maana huko nilikuwa nakupasha moto tu.

Sisi hatukutangaziwa chochote. Hakuna aliyesimama akasema kuanzia kesho muziki basi. Imeingia taratibu kama unyevu kwenye gunia la ufuta. Zamani michezo redioni ilikuwa kitambo kifupi baada ya taarifa ya habari, mtu anasoma matokeo kama anasoma orodha ya mahari. Leo fungua redio saa ya chai: EFM wana Sports HQ, Wasafi wana Sports Arena. Clouds, wale wale waliotulea na Bongo Fleva na Fiesta, wana Sports Extra, na Shaffih Dauda wa hukohuko akaona kubonga hakutoshi, tangu 2014 akawa na Ndondo Cup yake, timu za mitaani zinajaza watu hadi juu ya ukuta.

Ila kinachonimaliza mimi ni hiki. Diamond, mwimbaji, kafungua redio, ndiyo hiyo Wasafi. Alikiba, mwimbaji, 2024 naye kafungua yake, Crown FM. Mahasimu wa kipaza sauti. Ukajua sasa ndiyo tutaimbiwa mpaka tuombe radhi. Washa asubuhi: offside. Washa jioni: usajili. Mwenye duka anauza nyama, duka linauza samaki! Na Kiba ndiye hatuwezi kumlaumu kabisa, maana 2018 alisajiliwa Coastal Union, ligi kuu, jezi na bukta kabisa. Jamaa alishaona mbali.

Hata serikali ilishajua. Nape Nnauye alipoingia bungeni kwa kura za huku kwetu Mtama 2015, akapewa wizara ya habari, utamaduni, sanaa na michezo. Redio, muziki na mpira, wote kitanda kimoja. Ukiwalaza watatu kitanda kimoja kuna mmoja ataamkia sakafuni. Kaamkia muziki.

Kwa nini? Wachambuzi wa mchongo watakwambia vijana wameharibika. Sio. Nenda pale kwa jamaa wa simu, mpe memori kadi na buku. Anakumiminia singeli, Bongo Fleva, amapiano, na kaswida mbili za kukuombea. Nyimbo hizo zinakaa mpaka kadi ife. Nani sasa anakaa redioni kungoja wimbo? Mtangazaji mwenyewe akiupiga anauongelea juu, mwisho anaukata. Lakini ubishi wa leo asubuhi huwezi kuingiziwa kwenye memori kadi. Ubishi unaliwa ukiwa wa moto kama vitumbua, ukilala unachacha. Redio ikabaki na kitu kimoja ambacho simu yangu haina: mdomo wa leo.

Na mkwanja je? Kampuni za kubeti, mwana. 2017 SportPesa wakaja wakavaa vifua vyote viwili, cha Simba na cha Yanga. Mchambuzi akimaliza kusema fulani anaumwa goti, tangazo la mkeka linafuata hata hajameza mate. Wimbo wa mapenzi haumfanyi mtu aweke jero. Goti la beki linafanya.

Mpira wenyewe hata hauhitajiki. Machi 8, 2025 si ilikuwa dabi? Simba wakazuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakagoma kucheza, mechi ikaahirishwa siku hiyohiyo, Yanga wakatia timu uwanjani hivyohivyo. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda mbili bila. Hapo katikati ni miezi mitatu na nusu. Mechi ambayo haijachezwa ikachambuliwa miezi mitatu na nusu! Muziki ungeweza? Wimbo ambao haujarekodiwa unaweza kuupiga Machi mpaka Juni?

Bibi yangu neno lenyewe linamsumbua. Kwake kuchambua ni mchele, ni karanga. Ameisikiliza redio siku ya kwanza, ya pili, ya tatu akauliza: "Hawa wanachambua tangu asubuhi, ungo wao uko wapi?" Nikacheka. Ila tangu siku hiyo mchambuzi akizingua redioni, kijiwe kizima kinapiga kelele: UNGO!

Babu ndiye kizungumkuti. Babu ni Simba wa redio ya betri, zile betri kubwa anazozianika juani kwenye bati zipate nguvu, na huwezi kumwambia kitu kuhusu hiyo sayansi. Kwa babu mpira ulichezwa siku moja tu, Julai 19, 1977, Simba wakampiga Yanga sita bila, Kibadeni akatupia tatu. Kilichofuata ni mazoezi. Umemwambia Novemba 2023 Yanga kampiga Simba tano moja? Kibadeni. Umemwambia bei ya korosho imeshuka? Kibadeni. Mvua? Kibadeni. Na anaamini redio nzuri ni taarifa ya habari, salamu na matangazo ya vifo, kwa mpangilio huo. Wazee bwana. Wao roki wanajua ni mawe.

Tuje kwenye maumivu, maana ushabiki wa redio sio bure kama unavyodhani. Kibanda umiza, jero, dabi buku. Jezi orijino inakula misimbazi kadhaa. Msimbazi si ndio noti ya elfu kumi, nyekundu ya Simba kabisa? Halafu umwone Yanga anahesabu misimbazi kununua jezi ya Yanga, hakuna aibu kubwa kama hiyo duniani. Jezi feki ni buku nane, ukiifua mara mbili nembo inahama timu. Aibu nyingine: kujifanya mchambuzi na bando la jero. Unaanza kumkandia kocha kwenye video, katikati ya "mfumo wa tatu tano mbili" bando linakata, watu wanabaki na picha yako umeachama. Na usije kijiweni ukasema "binafsi sina timu". Utakalishwa penye msumari.

Kipimo cha yote haya ni kinyozi wetu wa karibu na stendi. Jamaa ana sabufa ya korosho. Kainunua msimu ule hela ya ghala ilipoingia, wenzake wakanunua mabati, yeye akanunua mziki. Antena ni waya wa shaba uliopanda mpaka kwenye mkorosho nje. Tawi likitikisika mchambuzi anakatika, anaingia mtu wa Msumbiji anabonga Kireno. Mwanzoni pale ilikuwa singeli tu, unanyolewa kichwa kinadunda, ukitoka laini imepinda kwa sababu ya biti. Leo singeli imepewa Thank You. Uchambuzi mwanzo mwisho. Na laini bado inapinda.

Aprili ile ya dabi hewa nilikuwa kwenye kiti chake. Upande wa kushoto kamaliza, safi, fedi imekaa kama ya kwenye bango. Akaja kulia, mashine imegusa sikio, redioni mtu akasema Yanga wapewe pointi tatu za mezani. Kinyozi ni Simba. Mashine ikapaa hewani. "Pointi za nini? Wamemfunga nani? Wamefunga upepo?" Mlangoni dereva boda, Mwananchi wa kufa, yaani Yanga, akajibu: "Makolo mmekimbia!" Kinyozi: "Utopolo kausha!" Akatokea wa tatu, wa nne, muuza ndizi kaweka sinia chini. Shabiki wa Namungo, tunaye mmoja, mke wake wa Ruangwa, akajaribu kusema jambo, hakuna aliyemsikia, kama kawaida yao. Mashine inanguruma hewani, inakula umeme. Mimi nimekaa na kitambaa shingoni kama mtoto wa jando.

LUKU ikaisha.

Sabufa kimya. Mashine kimya. Sekunde mbili hivi za amani, za kwanza tangu Machi. Nikasema sasa kijana mmoja atume hela tununue umeme nimaliziwe kichwa. Wapi! Kinyozi kachomoka mbio, nikajua anafuata LUKU. Karudi na redio ya babu yangu, ile ya betri, na babu mwenyewe nyuma yake na mkongojo, hataki redio yake iende matembezi peke yake. Wakaining'iniza pale kwenye msumari wa kioo. Uchambuzi ukarudi hewani. Nywele zangu hazikurudi.

"Babu," nikamwambia, "waambie basi waninunulie umeme."

Babu akaniangalia upande wenye nywele, akaniangalia upande usio na nywele. "Mjukuu wangu," akasema, "mwaka 1977..."

Nikasepa. Nusu kichwa fedi, nusu msitu wa Rondo, nakatiza barabarani nimejifunika na mkono, na kifuani, kwa bahati ninayoijua mwenyewe, ile tisheti nyeusi. Sijafika hata kwenye kona nikasikia sauti ya bimkubwa ng'ambo.

"Fundi! We fundi! Kwa kinyozi pale umeme umekatika, hujawaona?"