Faida za Darasa Dogo Chuo Kikuu
Katika darasa la watu 12, mwanafunzi hana pa kujificha. Asiposoma andiko la wiki hujulikana. Asipoelewa, uso humsaliti kabla hajanyoosha mkono, na mhadhiri hueleza upya. Katika ukumbi wa watu 500, aliyepotea mwanzoni mwa mhadhara huendelea kupotea hadi mwisho, na pengine hugundua hivyo kwenye mtihani. Faida kuu ya uchache ni kwamba kosa huonekana lingali bichi.

Oxford, Uingereza, imeijenga elimu yake juu ya jambo hilo. Ni chuo kikuu kikubwa, lakini kimegawanyika katika vyuo vidogo zaidi ya 30, na mwanafunzi hukutana na mwalimu akiwa peke yake au na mwenzake mmoja au wawili. Huleta insha aliyoiandika, kisha huulizwa: hoja hii umeitoa wapi? Ushahidi wake uko wapi? Anayekupinga angesemaje? Insha za mara kwa mara zinawezekana kwa sababu yupo wa kuzisoma. Mhadhiri mwenye karatasi 400 za kusahihisha hukimbilia maswali ya kuchagua jibu, na mwanafunzi huweza kufika mwaka wa tatu bila kutetea wazo lake mbele ya mtu yeyote. Hasara hiyo haionekani kwenye cheti.

Udogo wa chuo chenyewe nao hujenga tabia. Patrick Awuah, Mghana aliyesoma Swarthmore, chuo kidogo cha Marekani, alianzisha chuo cha Ashesi mjini Accra mwaka 2002 kwa wanafunzi 30. Mwaka 2008 wanafunzi wa Ashesi walipiga kura kukubali kanuni ya uadilifu inayowaruhusu kufanya mitihani bila msimamizi. Kuaminiana kwa namna hiyo ni rahisi zaidi palipo na watu wanaojuana kwa majina.

Gharama, hata hivyo, ni kubwa, na chuo kidogo huwa na kozi na maabara chache. Tena uchache bila walimu wazuri hausaidii: California ilipopunguza wanafunzi madarasani katika shule za msingi kuanzia 1996, ililazimika kuajiri walimu wengi wasio na sifa kamili.

Kwa vyuo vikuu vya umma vyenye maelfu ya wanafunzi, njia iliyo karibu ni semina: mhadhara mmoja kwa wote, kisha vikundi vidogo vya mjadala chini ya wakufunzi wasaidizi. Kikundi cha semina kikijazwa watu 60, kinageuka kuwa mhadhara wa pili.