Je, Wajua? Pikipiki Huchakaa Hata Ikiwa Imeegeshwa

Ukinunua pikipiki kuukuu ya safari ndefu, usitulizwe na kilomita chache kwenye dashibodi. Mpira na mafuta huzeeka hata chombo kisipotembea.

Mfano mzuri ni Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975. Matoleo yake yote hadi GL1500 yana mikanda miwili ya taimingi, nayo ni ya mpira. Mmoja ukikatika njiani, pistoni zinaweza kugonga valvu na kuzipinda. GL1800, iliyotoka mwaka 2001, ndiyo iliyoleta cheni. Kama muuzaji hana kumbukumbu ya lini mikanda ilibadilishwa, ibadilishe yote miwili kabla ya safari ya kwanza. Gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya kufungua injini.

Tazama pia ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa huku mpira umekauka na kuanza kupasuka.

Na mafuta ya breki? Hayo hufyonza unyevu. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa na abiria na mizigo, joto hilo hufikiwa upesi, na breki hulegea mkononi. Yamwage, uweke mapya.